Injini ya Benzi ya marehemu baba: V8 ya Toyota, 1JZ au dizeli ya Hiace?

BARUA

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga na msomaji wako wa muda mrefu. Naandika kwa sababu ya gari moja ambalo limetugawa nyumbani. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na majibu hayafanani.

Marehemu baba alituachia Mercedes-Benz 280SE ya mwaka 1984, zile za toleo la W126, usukani kulia, giaboksi ya otomatiki. Alilinunua mnadani likiwa limeshatumika ofisini, akalitunza mpaka mwisho wake. Tulipokaa kugawana vitu, ndugu zangu walikubali nilichukue mimi kwa sharti moja, kwamba lisichinjwe likauzwa vipande. Nimekuwa nikilirudisha polepole kadiri mshahara unavyoruhusu. Breki zimefufuliwa, bushi za mbele ni mpya, kutu ya chini ya milango imekatwa na kuchomelewa upya, viti vimeshonwa. Nilikuwa nimebakiza rangi tu.

Sasa injini. Nilikuwa naelekea Muheza na mama, mshale wa joto ukapanda. Nikasimama, nikasubiri lipoe, nikaongeza maji, tukarudi taratibu. Kesho yake nilipofungua mfuniko wa rejeta nikakuta maji yamegeuka uji mzito wa rangi ya waridi. Fundi alipouona alisema oili na maji vimekutana, silinda hedi imepinda na huenda bloku imepasuka, kwa hiyo injini imekufa. Hakuifungua. Alisema kuifungua ni kupoteza pesa kwa sababu spea za injini hiyo hazipo tena. Niongeze kwamba kabla ya hapo gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu asubuhi likiwashwa, kisha unapotea, na kwa wiki kadhaa gia zilikuwa zinachelewa kuingia ukiweka D.

Fundi anataka tuweke 1JZ, injini ya petroli ya Toyota Mark II, na anasema ni kazi ya siku chache. Rafiki yangu aliyeko Dar amepata V8 ya Toyota, yaani ya silinda nane, 1UZ, iliyotoka kwenye Celsior. Anasema gari la kifahari linastahili V8, na bei yake haipishani sana na ya 1JZ. Baba mdogo hataki hata kusikia jina la Toyota. Kwake, Benzi yenye injini ya Toyota si Benzi tena. Ila yeye anapendekeza dizeli, kwa ajili ya bei ya petroli, na fundi alipomsikia akasema basi iwekwe 3L ya Hiace, maana zimejaa mjini na kila fundi anazijua.

Nina shilingi milioni nane taslimu, na SACCOS yetu inaweza kuniongezea kama nne. Sitalitumia gari hili kila siku. Nataka mama apande akienda harusini, nataka twende Lushoto wakati wa likizo na Dar mara mojamoja, na AC ifanye kazi. Nikichagua vibaya pesa itakwisha na gari litalala uani, na sidhani kama nitapata nguvu ya kuanza tena. Nishauri, Mzee wangu. Nichague ipi?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba wa baba, na hongera kwa ndugu waliokaa wakaelewana.

Kabla sijagusa injini yoyote kati ya hizo ulizotajiwa, nianze na ile rangi uliyoiona kwenye rejeta, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Oili ya injini ikichanganyika na maji hutoa uji wa kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Uji wa waridi hutokana na oili nyekundu, na oili nyekundu katika gari lako ni ya giaboksi. Kwenye W126 za otomatiki, oili ya giaboksi huletwa mbele kwa mabomba mawili, ikapozwa ndani ya rejeta yenyewe, kwenye kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi lake. Ukuta wa kipozeo hicho ukiliwa na kutu, oili ya giaboksi inaingia kwenye maji wakati injini inaunguruma. Ukizima, maji ya moto yenye presha nayo hurudi upande wa giaboksi. Magari yanayojazwa maji ya bomba tupu mwaka hadi mwaka, bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, hufika huko mapema.

Sasa rudia sentensi yako mwenyewe: gia zilikuwa zinachelewa kuingia, na zilianza kuchelewa kabla ya safari ya Muheza. Hiyo inaendana kabisa na giaboksi iliyokwisha kunywa maji. Uji ule ukijaa kwenye mirija ya rejeta maji hayazunguki vizuri, na mshale wa joto unapanda. Mambo yote matatu yanaweza kuwa na chanzo kimoja, na chanzo hicho ni rejeta.

Sisemi injini ni nzima. Joto lile lingeweza kweli kuharibu gasketi ya silinda hedi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeipima. Injini haitangazwi kufa kwa kutazamwa, na fundi anayekataa kuifungua hana haki ya kusema bloku imepasuka.

Kwa hiyo usiliwashe gari kwanza, na usiliweke kwenye gia hata kwa kulisogeza, lisukumeni. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji yameshaingia. Chomoa na kijiti cha oili ya injini. Ukikuta oili nyeusi ya kawaida isiyo na povu la kahawia, hiyo ni habari njema sana. Halafu mtafute fundi mwenye geji ya komprisheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Atoe plagi zote sita, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, starta izungushe, na aandike namba ya kila silinda kwenye karatasi. Injini ya gari lako ni M110, na tofauti kati ya silinda iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa isizidi baa 1.5. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka katikati yao. Zikikaribiana zote, apulizie upepo wa kompresa kwenye kila silinda pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, wewe ukitazama rejeta. Mapovu yakipanda, upepo unavuja kuingia kwenye maji, na hapo silinda hedi inashushwa. Mapovu yasipopanda na namba ni nzuri, unayo injini.

Moshi wa bluu wa asubuhi unaopotea si ishara ya injini iliyokwisha. Ni vali sili zilizokauka, vile vipira vinavyozuia oili kushuka kwenye vali, ugonjwa wa kawaida wa M110 zilizozeeka, na fundi mwangalifu huzibadilisha bila kushusha silinda hedi. Ringi za pistoni zilizokwisha hutoa moshi kila unapokanyaga mafuta, si asubuhi tu.

Na habari ya spea kutokuwepo si kweli. M110 ilianza kutoka mwaka 1972. Iliwekwa kwenye 280E za W123, kwenye 280SL na hata kwenye 280GE, zile G za kupandia milima. Mercedes wenyewe wana kitengo cha magari ya zamani kinachoendelea kutoa vipuri, na watengenezaji wengine wanatoa gasketi, sili na cheni za taimingi. Kweli hutazikuta kila duka hapo Tanga. Nairobi, ambako W123 na W126 bado zinatembea, utazipata kwa urahisi zaidi, na wewe uko karibu na mpaka wa Horohoro kuliko wasomaji wangu wengi. Ugumu wa M110 uko kwingine, kwenye mfumo wake wa mafuta wa K-Jetronic. Hauna kontrol boksi kama za magari ya sasa. Sahani inayoinuliwa na hewa ndiyo inayopima petroli, na mafundi wasioujua huung'oa na kufunga kabureta. Mtu akikupendekezea kabureta, mshukuru, uondoke naye kwa amani.

Kama vipimo vikiwa vizuri, pesa yako inajulikana iende wapi. Rejeta mpya, au hiyo itengenezwe na oili ya giaboksi ipewe kipozeo chake cha nje ili mambo haya yasijirudie. Mfumo wa maji uoshwe kwa sabuni isiyo na povu mpaka maji yatoke safi, kisha mipira yote ya maji ibadilishwe, kwa sababu oili huilainisha na itapasuka siku usiyotarajia. Giaboksi imwagwe oili yote pamoja na ile ya kwenye tokonvata, lile bakuli linalounganisha injini na giaboksi. Za miaka hiyo zina nati yake ya kumwagia, na mafundi wengi hawajui. Chujio jipya, oili mpya, endesha kidogo, umwage tena. Plati za ndani ya giaboksi zina kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, na maji hukibandua. Gia zikiendelea kuchelewa baada ya oili safi, itabidi ifunguliwe. Jiandae kwa hilo moyoni na mfukoni, maana huenda giaboksi ndiyo iliyoumia kuliko injini.

Tuseme sasa imepimwa, imefunguliwa, na kweli bloku imepasuka. Nakujibu swali lako lenyewe.

Jiulize kwanza gari hili lilikuwa nini. M110 ina cc 2,746, silinda sita kwa mstari, nguvu za farasi 185 kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika. Silinda sita za mstari zina sifa ambayo nne hazina: pistoni zake husawazishana zenyewe, moja ikipanda nyingine inashuka kwa namna inayofuta mtetemo. Ndiyo sababu mama yako amekaa kwenye kiti cha nyuma miaka yote hiyo bila kuhisi injini. Gari la kifahari ukiliondolea utulivu huo, ngozi na mbao zilizobaki hazisaidii. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ibaki petroli ya silinda sita za mstari, na iwe ile ambayo fundi wa mji wako anaweza kuitunza wewe ukiwa darasani.

Ya kwanza inayotimiza hayo ni ya Mercedes wenyewe, M103 ya lita tatu. Kuanzia mwaka 1985 kiwanda kiliitoa M110 kwenye W126 na kuweka M103, gari likaitwa 300SE. Injini hiyohiyo ilikuwa kwenye 300E ya W124. Ina cc 2,962 na nguvu zinazokaribiana kabisa na za injini yako, na kwa kuwa kiwanda kilishaiweka kwenye bodi kama lako, mikono ya mauntingi ya 300SE ipo, hakuna haja ya kubuni. Baba mdogo ataridhika. Tatizo ni kupata iliyo nzima. M103 ya kwenye sakafu ya duka ina umri unaokaribia wa injini uliyonayo, na huijui historia yake. Ningeichukua kwa sharti moja: itoke kwenye gari ambalo umeliona likitembea, labda limegongwa nyuma au limeoza bodi, na uchukue injini, giaboksi, wayaringi na mfumo wote wa mafuta kwa pamoja. Ukionyeshwa M104, ile ya vali 24 ya E280 na E320 za miaka ya tisini, fungua wayaringi uiangalie. Za kati ya 1993 na 1995 zilikuwa na plastiki inayomomonyoka na kuacha waya uchi, na zimewasumbua wengi.

Usipopata M103 ya namna hiyo, fundi wako hajakosea kutaja 1JZ. Amekosea kusema ni kazi ya siku chache.

Chukua 1JZ-GE yenye VVT-i, yaani inayojibadilishia taimingi ya vali, zilizoanza mwaka 1996. Ni cc 2,491, silinda sita za mstari, bloku ya chuma, nguvu 200, na mvuto wa Nm 255 dhidi ya Nm 240 za M110. Kwa namba hizo gari halitapoteza kitu, na utulivu wake unabaki. Usichukue 1JZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4, hata ukipewa kwa nusu bei. Inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo haivumilii mafuta machafu. Usichukue GTE yenye tabo. Joto lake litakutesa katika chumba kile na huna kazi nayo. Na uangalie usiuziwe 1G-FE ya GX110 kwa jina la 1JZ kwa kuwa zote zimetoka kwenye Mark II. Hiyo ni cc 1,988, na gari lako ni zito.

Sehemu inayoua miradi hii haimo ndani ya injini. Nimeona magari mazuri yamelala kwa mafundi mpaka mti ukaota dirishani, injini ikiwa nzima kabisa na imeshafungwa kwenye mauntingi. Yanakwama kwenye vitu vinavyoizunguka. Injini ya Toyota isiende kwenye Benzi bila giaboksi yake, kwa sababu zinaongozwa pamoja kwa umeme. Hapo propela shafti itakatwa, iunganishwe na kusawazishwa kwenye kerezo na mtu mwenye mashine ya kupimia, la sivyo gari litatetemeka kwenye spidi ya barabara kuu na utailaumu injini bure. Sampu, lile bakuli la oili la chini, hutofautiana kwa umbo kutegemea 1JZ ilitoka gari gani, na lazima lipishane na mhimili wa mbele na rodi za usukani. Kama halipishani, fundi atataka kukata mhimili. Mkatalie. Mhimili ule unabeba miguu ya mbele ya gari na uhai wa mama yako. Sampu ndiyo ibadilishwe umbo.

Kisha muulize haya, na umwombe ayajibu kabla hajashika spana. Kompresa ya AC itakuwa ya Toyota au ya Benzi, na mabomba yake yataunganishwaje? Pampu ya usukani je? Mshale wa joto, wa oili na wa mizunguko itasoma kutoka wapi, na spidimita itapata wapi taarifa kama giaboksi si ile ya zamani? Kiwiko cha gia pale katikati kitaoanishwaje na giaboksi mpya ili P iwe P na N iwe N? Bustaa ya breki itapata vakyumu kutoka tundu gani? Fundi mwenye majibu ya hayo umpe kazi. Anayesema tutaona tukifika, mwache atafute gari lingine.

Ukienda kununua Dar, Ilala au Gerezani, usinunue injini tupu. Nunua seti iliyotoka gari moja, ikiwezekana lile lililokatwa nusu ya mbele: injini, giaboksi, wayaringi nzima, kontrol boksi, kidhibiti cha mafuta cha mguuni kama kipo, rejeta na feni zake. Kama gari lile lilikuwa na ufunguo wenye chipu, ufunguo na kontrol boksi visitenganishwe. Waya zikiwa zimekatwa kwa msumeno karibu na injini, achana nayo hata ikiwa inang'aa. Fungua mfuniko wa oili utazame ndani kama kuna lami nyeusi. Omba ipimwe komprisheni hapohapo sakafuni kwa betri na starta. Na kabla haijaingia garini, taimingi belti, pampu ya maji, sili ya mbele na ya nyuma ya krenki vibadilishwe vyote, maana ikiwa nje kazi hiyo ni ya jioni moja.

V8 ya rafiki yako naiheshimu sana. 1UZ-FE ilitoka mwaka 1989 na Celsior ya kwanza, cc 3,968, bloku ya aluminiamu, vali 32, na ni kati ya injini bora ambazo Toyota wamewahi kutengeneza. Upana si tatizo, W126 iliuzwa na V8 za Mercedes mpaka cc 5,547. Lakini gari lako ni usukani kulia, na egzosi ya upande huo inapita palepale kwenye boksi la usukani, kwa hiyo itabidi ichongwe upya kwa mkono. Starta yake imelazwa katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa. Ikifa Lushoto, utafungua nusu ya injini kuifikia. Na injini kubwa kiasi hicho itakunywa petroli ipasavyo. Bei ya injini ndiyo inayokaribiana na ya 1JZ. Gharama ya kuifanya ikae, ipoe na iendeshe AC haikaribiani hata kidogo. Kwa milioni nane, au kumi na mbili, nakuambia hapana.

3L ya Hiace pia hapana, na hapa sina haja ya maneno mengi. Ni silinda nne, karibu nguvu 90, yaani nusu ya ulizonazo, na inafika mwisho kwenye mizunguko kama 4,000. Kutoka Segera hadi Chalinze itapiga kelele njia nzima, na mtetemo wake utaupata kwenye kioo, kwenye usukani na kwenye meno. Baba mdogo ana hoja anaposema dizeli, maana Mercedes waliwahi kuweka dizeli kwenye W126, lakini waliziuza Marekani Kaskazini tu, na zilikuwa zao wenyewe: ya silinda tano yenye tabo kwenye 300SD, baadaye ya silinda sita kwenye 300SDL. Kama familia itasimama kwenye dizeli, basi iwe OM603 ya 300D ya W124, cc 2,996, silinda sita za mstari, pampu ya kimakanika isiyohitaji kontrol boksi. Ina nguvu 109 tu katika zile zisizo na tabo. Itakuwa taratibu lakini itatulia. Mfanyie hesabu baba mdogo kwa heshima, kalamu mkononi: gari la harusi na likizo linachoma lita ngapi kwa mwaka, na akiba ya dizeli italipa gharama za kubadilisha baada ya miaka mingapi. Wewe ni mwalimu, hesabu hiyo ataipokea kutoka kwako.

Kuhusu kama Benzi yenye injini ya Toyota ni Benzi, ana haki ya kuumia, na kwa upande mmoja yuko sahihi. 280SE yenye M110 yake, namba ya injini ikilingana na kadi, inaheshimiwa na wanunuzi wanaojua, na 1JZ inaondoa thamani hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo hata ikilazimika kutoka, M110 isiuzwe chuma chakavu. Ipakwe oili, ifunikwe, iwekwe ndani. Na chochote kitakachofungwa, kifungwe bila kukata bodi, ili mwanao akitaka kuirudisha aweze.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na vijana wengi hulidharau. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, mabadiliko yaingizwe Mamlaka ya Mapato, TRA, na utahitaji kuthibitisha injini mpya umeipata kihalali. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya injini imeandikwa, si risiti inayosema "spea" tu, na omba nakala ya nyaraka za forodha iliyoingia nayo. Angalia namba hiyo kwenye bloku kwa macho yako kabla ya kulipa. Ijulishe na kampuni ya bima. Na kwa kuwa gari lilikuwa la marehemu, hakikisha umiliki umeshahamia kwako kabla ya kugusa namba ya injini. Mambo mawili yakifuatana kwenye kadi moja, la mirathi litangulie.

Pesa ya SACCOS usiikope bado. Anza na geji ya komprisheni na vijiti viwili vya oili. Ukishapata namba za silinda zote sita na rangi ya oili ya giaboksi, niandikie tena, na mwambie fundi wako nami nampa salamu, aje asome jibu hili pamoja nawe.